Vuli ya Shimshadi

Kazi yangu ni kupika vuli, yale majira ya majani kugeuka rangi na kupukutika. Wenzangu hupika wali. Mimi hukaa mbele ya kompyuta, ghorofa ya tatu, kwenye mtaa wenye moshi mjini Tehran, nikayapika majani ya miti mpaka yaive. Mpiga picha ananiletea msitu wa Aban, mwezi wa katikati ya vuli, umepauka kama chai iliyosahaulika mezani. Naongeza giza kwenye vivuli, naongeza mwanga pale jua lilipogusa, nakoleza njano, naisukuma kahawia iwe dhahabu na dhahabu iwe kaa la moto. Picha inaingia kwenye kalenda, kalenda inatundikwa jikoni kwa mtu, na mtu huyo anaosha vyombo huku akitamani mahali ambapo hapapo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini wahenga hawakuwahi kuuza kalenda.

Nimeifanya kazi hii miaka kumi na miwili na ninaijua. Nalisema hilo mapema ili mtu asidhani nilikosea kwa ugeni. Nilikosea kwa ufundi.

Naitwa Parand, binti Mosayeb, wa kijiji cha Sangekola katika milima ya Mazandaran. Baba alilinda msitu wa serikali miaka thelathini na moja mpaka alipostaafu. Tangu alipokwenda kuzuru mji mtakatifu wa Mashhad watu humwita Mashdi Mosayeb, na bonde zima linajua kwamba Mashdi akisema mti huu ulikatwa jana, basi ulikatwa jana, na aliyeukata aanze kutafuta maneno. Hasemi sana. Akisema, hasemi uongo, hata ule mdogo wa kumfurahisha mgeni. Mama amemlalamikia kwa hilo tangu wajuane.

Juu ya kijiji kuna kaburi la imamu lenye kuba dogo la buluu, na kulizunguka kuna kitalu cha shimshadi za zamani, miti ya majani madogo mazito ambayo hayapukutiki. Msitu mwingine wote hugeuka njano, kisha ukabaki uchi, kisha theluji ikaanguka, na shimshadi iko palepale na ukijani wake. Kwa hiyo siku ya mwaka mpya wetu, theluji inapoanza kuyeyuka, baba, ambaye kijiji kilimchagua kuwa mtu wa mguu wa heri, huingia wa kwanza katika kila nyumba akiwa na Kurani, bakuli la maji na tawi la shimshadi. Kabla hajaingia, hakuna anayevuka kizingiti. Mimi nilijifunza kutembea kwa kushika mashina ya miti hiyo, mama akifagia kaburini.

Mwezi wa Mehr, unaotangulia Aban, mwaka juzi, baba alinipigia simu kazini. Hilo peke yake lingetosha kunishtua, maana baba na simu hawapatani.

"Parand, mwanangu. Nimekutumia kadi ya kamera kwa basi. Dereva ni yule mtoto wa Yaghub, atakupigia."

"Sawa baba. Kuna nini?"

"Ofisi ya misitu wanasema picha zangu zina giza, hazionyeshi kitu. Zisafishe wapate kuona. Miti ya pale kwa imamu..."

"Nimeelewa baba."

"Sikiliza kwanza. Kamati inakaa Jumatano, na wao..."

"Baba, nimeelewa, bosi ananiita. Nizitengeneze zionekane vizuri, nizitume moja kwa moja ofisini kabla ya Jumatano. Si ndiyo?"

"Ndiyo. Utaona mwenyewe. Wewe ni mtoto wa pale."

Bosi hakuwa akiniita. Alikuwa amekaa dirishani akibangua mbegu za alizeti. Nilikuwa na picha ishirini za kumaliza siku hiyo, nikaona hadithi ya mzee nimeshaijua: ile ofisi hufanya maonyesho ya picha za msitu kila vuli, na walinzi wastaafu hupeleka zao na kupewa vyeti. Nikajisemea, mwaka huu cheti ni cha Mashdi Mosayeb.

Kadi ilifika kesho yake. Picha arobaini, karibu zote za ukungu na zilizopinda, mtu anajua kabisa aliyepiga alikuwa amekasirika au ana haraka. Nikachagua nane. Kwenye mbili nililiona kuba la buluu, nikatabasamu peke yangu kwa kupaona kwetu. Kisha nikaona majani ya kahawia. Msitu, mwezi wa Mehr, majani ya kahawia: mkono ulianza kazi kabla akili haijauliza swali. Nikakoleza njano. Nikaisogeza kahawia kwenye chungwa, nikaweka giza nyuma ya mashina ili majani yaruke mbele. Palikuwa na nyuzi nyeupe nyembamba zikining'inia kutoka matawini, nyingi, zimeshika umande. Nikadhani ni uchafu wa kioo cha kamera, nikazifuta moja baada ya nyingine. Majani yenye matundu niliyaziba kwa kunakili yale mazima. Nilifanya kazi hiyo kutwa nzima kwa mapenzi, na sijawahi kufanya kazi safi kama ile.

Bwana Kiumars, bosi wangu, alikuja kusimama nyuma ya kiti na mbegu zake.

"Hii umeitoa wapi, dada?"

"Kapiga baba yangu."

"Baba yako ana jicho. Hii ndiyo Aban yetu ya mwakani, na asitokee mtu kunibishia."

Nikakubali palepale. Niliona nitamfanyia mzee jambo la kumshangaza, aje akute jina lake limechapishwa. Zile nane nikazichapisha kwenye karatasi nzito inayong'aa, nikazifunga kwa kadibodi zisikunjike, nikazituma ofisini kwa jina lake.

Jumatano jioni nilimpigia mimi.

"Picha zimefika, baba?"

"Zimefika."

"Walisemaje?"

"Walisema zinang'aa."

"Na wewe je? Umezipenda?"

Nilisikia anavuta pumzi. "Ni kazi ya mkono mzuri, mwanangu. Hakuna hata doa."

Siku ile sikupanda basi. Nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu, kwa furaha, mtu mzima wa miaka thelathini na minne nimesifiwa na baba yangu.

Mwaka mpya nilikwenda kijijini na kalenda begani, imefungwa kwa karatasi ya zawadi. Saa ya mwaka kugeuka sote tulikuwa ndani, mlango umefungwa, tukimngoja baba aingie kama desturi. Akagonga. Mama, Khavar, akamfungulia. Baba aliingia na Kurani, na bakuli la maji, na tawi la mchungwa.

"Shimshadi imefanyaje?" nikauliza.

"Mwaka huu mchungwa," akasema, akampa mama tawi. Mama akalipokea. Kaka yangu Bahador akaitazama samawari ya chai utafikiri ndiyo kwanza anaiona.

Hata hapo sikuona kitu. Mtu akishakuwa na sikio la kufa, na macho huyafuata. Tulikula wali wa majani na samaki, majirani wakaja kutoa heri, chumba kikajaa, na shangazi Golandam, dada mkubwa wa baba, akakalishwa kwenye mto mkubwa. Nikaona sasa ndiyo wakati. Nikafungua kalenda mbele ya watu wote, nikaigeuza mpaka Aban, nikaiinua juu. Chini ya picha, kwa herufi ndogo: Picha ya Mosayeb wa Sangekola.

Shangazi alivaa miwani yake. "Hapa ni wapi?"

"Shangazi jamani, hata kwenu hupajui? Ni pale kwa imamu. Tazama kuba."

"Kuba naliona. Miti ndiyo siijui."

"Si ndizo shimshadi zetu!"

"Shimshadi imeanza lini kuvaa njano?"

"Labda imepata mchumba," akasema jirani mmoja, na wawili watatu wakacheka, kisha kicheko kikakatika maana Bahador alikuwa ameinamisha kichwa na mama alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya kitambaa chake.

Nikaitazama picha. Niliitazama kama sikuwa mimi niliyekaa nayo kutwa nzima. Shimshadi haina vuli. Nililijua hilo kabla sijajua kuhesabu. Mti usiogeuka rangi ukigeuka, si majira, ni maradhi. Kalenda nilikuwa bado nimeishikilia hewani, sijui niishushe vipi.

Baba alinyanyuka, akaichukua mikononi mwangu taratibu, akaitundika kwenye msumari uliokuwa na kalenda ya zamani. "Picha imetoka vizuri," akasema. "Khavar, mpe mtoto chai, ametoka safari."

Nilikuwa nimefika tangu juzi.

Bahador alinieleza uani, karibu na banda la kuni. Niliapa sitamkata kauli, na sikumkata.

"Ni nondo," alisema. "Wameingia kutoka mabonde ya chini. Viwavi wao hawali kitu kingine, ni shimshadi tu. Wiki mbili, mti umebaki mifupa. Ofisi walikuwa na dawa ya kunyunyizia kitalu kimoja msimu ule, kimoja tu, na vilivyoombewa ni vitano. Wakasema leteni picha, tutaamua. Za baba za kwanza zilikuwa giza tupu. Ndiyo akasema nina binti, kazi yake ni picha."

"Endelea."

"Mama alimpigia pasi lile koti lake la kazi. Nikampeleka kwa gari. Wanafungua ile kadibodi yako, dada, meza nzima inang'aa. Mmoja akasema, 'Mashdi, hii si shimshadi. Shimshadi haigeuki rangi.' Mwingine akauliza, 'Nyuzi za viwavi ziko wapi? Majani yaliyoliwa yako wapi?' Yule mkuu wao akamwambia kwa upole kabisa, 'Mzee, kila mtu anataka dawa, tunaelewa, lakini usituletee picha za msitu mwingine.'"

"Wakamwita mwongo."

"Hawakutamka. Ila ndivyo ilivyokuwa. Baba alizitazama zote nane, mpaka ya mwisho. Nilitaka kusema ni Parand, ni kompyuta. Akanikanyaga mguu chini ya meza. Akasema, 'Samahanini kwa kuwapotezea muda,' akasimama, tukatoka. Kwenye gari namuuliza kwa nini, ananiambia, 'Akijua, hatashika tena kazi yake. Asijue.' Basi mkaguzi walimtuma, lakini alifika baada ya wiki tatu. Alikuta mifupa."

Sikulia hapo. Nilimuuliza njia ya juu ina theluji au imekauka, jambo la kipuuzi, njia ile naijua, kisha nikapanda peke yangu. Niliikuta miti imesimama. Hilo ndilo sikulitegemea. Nilidhani maiti ya mti hulala. Shimshadi zetu zilikuwa wima, kijivu, hazina jani hata moja, na kuba la buluu ambalo zamani ulilazimika kulitafuta katikati ya ukijani lilikuwa linaonekana kutoka mbali kama mtu aliyevuliwa nguo. Nikashika shina moja. Gome likabaki mkononi.

Baba alikuwa amenifuata. Alisimama nyuma yangu akihema, maana kifua chake si cha zamani.

"Kwa nini hukuniambia baba? Siku ile ya simu."

"Nilikuambia. Ukasema umeelewa."

Hakulisema kwa ukali. Afadhali angelisema kwa ukali.

"Ungenigombeza. Ungepiga simu ukanitukana, ningezirudisha zile za kwanza siku hiyohiyo."

"Kamati ilikuwa imeshakaa." Akaokota kijiti, akakivunja, akakitazama ndani. "Na kosa ni langu pia. Nilidhani ukiuona mti huu utaujua. Sikufikiria kwamba umekaa mjini sana."

Nilirudi Tehran, nikazifungua zile picha mbichi, na safari hii nikaziacha na sura zake. Kahawia ikabaki kahawia. Nyuzi zikabaki, na ukizikaribia unaona viwavi wenyewe, wa kijani wenye mistari myeusi, mamia yao, pale nilipopitisha brashi yangu kwa mapenzi. Ushahidi wote ulikuwapo tangu mwanzo, hata ule wa ukungu. Nikazichapisha nane, nikazipeleka ofisini kwa mkono wangu, nikaeleza nani alizipiga na nani alizipaka rangi. Ofisa aliyenipokea alizitazama muda mrefu. "Lau hizi tungezipata Mehr..." akasema, kisha akaona uso wangu, akaacha. Aliniomba nimfikishie baba salamu na samahani. Nilizifikisha. Baba alisema, "Mungu amlipe," akaendelea kumenya chungwa.

Ile kalenda haikuondoka ukutani. Nilimwomba mama aitoe, akasema hathubutu, mzee ameitundika mwenyewe. Kila mwisho wa mwezi baba aliigeuza kama watu wote wanavyogeuza kalenda, na mimi kule Tehran nilikuwa nahesabu: Tir, Mordad, Shahrivar. Ilipofika Aban nikaomba likizo. Sikutaka aigeuze peke yake.

Siku ya tatu tulikuwa juu kwa imamu, mimi na yeye, tukikusanya matawi yaliyoanguka njiani. Akaja mtu na mkewe, watu wa mjini, viatu vipya vya milimani, mke amejifunga ushungi wa rangi ya komamanga. Mume mkononi alishika karatasi aliyoichana kwenye kalenda kama ile yetu.

"Salamu, mzee. Tumetoka Tehran tangu alfajiri. Tunatafuta huu msitu wa dhahabu. Kijijini wametuelekeza huku, lakini naona hakuna kitu, ni miti mikavu tu."

Baba alipokea ile karatasi. Aliishika mbali kidogo na macho, kama anavyosoma barua. Mimi nilikuwa na mzigo wa vijiti kifuani. Niliwaza, sasa atasema. Mashdi Mosayeb ataulizwa habari ya mti na atajibu, na dunia itajua, na itakuwa haki.

"Ni hapahapa," baba akasema. "Mmechelewa. Mwaka huu vuli iliwahi, majani yamepukutika yote."

"Ai, bahati yetu," yule mke akasema. "Nilimwambia huyu tuje wiki iliyopita, yeye na mpira wake."

"Nisamehe, mke wangu, sitaangalia mpira tena mpaka nife," mumewe akasema, wakacheka. "Mwakani je, mzee? Tukija mwanzo wa mwezi tutayawahi?"

Baba alinitazama. Hakunitazama sana, ni kama mtu anavyoangalia kama mtoto amevaa viatu.

"Njooni," akasema. "Mwakani yatakuwapo."

Walifurahi. Yule mke aliandika namba ya simu nyuma ya ile karatasi, akamwomba baba awapigie majani yakianza kugeuka, na baba akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa ndani wa koti lake la kazi. Wakateremka wakitaniana. Nilikuwa na maneno yote, nilikuwa nimeyasema kwa ofisa bila kubabaika, na sasa yalikataa kutoka. Thelathini na moja ni miaka aliyoifanyia serikali. Ukiongeza na mingine yote, baba yangu ameishi miaka sabini na miwili bila kumdanganya mtu kuhusu mti. Walipomwita mwongo hakuwa mwongo. Mbele ya wageni wale alikuwa, kwa ajili yangu, na alilifanya vibaya kama mtu asiye na mazoezi, masikio yamemwiva mekundu.

Nilikaa chini palepale kwenye mzigo wangu wa vijiti, nikalia kwa sauti.

"Nyamaza," akasema baba. "Macho yatavimba, na mama yako ataniuliza mimi."

Tukateremka. Sasa ni mwaka mwingine. Mama ameniambia kwenye simu kwamba kila akilifua lile koti huitoa ile karatasi ya wageni, na likikauka huirudisha mfukoni. Nilimwambia aitupe. "Sithubutu," akasema, "juzi ameniuliza Aban inaanza siku gani."